Tiketi ya Castilla pale Valdebebas: nimeenda kuwaona watoto wa Madrid, nawapa review ya ukweli

Wadau habari za siku, nimerudi salama na kama kawaida yangu siwezi kutembea mahali nikakaa kimya. Niwaambie mapema hii sio review ya Bernabéu, uwanja mkubwa wa Real Madrid. Bernabéu mshaandikiwa sana, picha mshaziona mpaka mmechoka. Mimi nawaandikia ile tiketi ambayo watu wakifika Madrid wala hawaikumbuki, tiketi ya timu B, yaani kikosi cha vijana, Real Madrid Castilla, wanachezea uwanja wa Alfredo Di Stéfano kule Valdebebas karibu na uwanja wa ndege.

Si nidanganye, na mimi nilitaka kwenda Bernabéu. Nilikuwa Madrid siku nne kwa ajili ya semina ya kazini, nikasema jumapili sitakaa hotelini nikiangalia dari. Nikaingia kwenye tovuti moja ya madalali wa tiketi, jina lake naliacha, bei ikaanza vizuri tu ya kibinadamu, nikabonyeza, ikaongezeka ada ya huduma, nikabonyeza, ikaongezeka ada nyingine sijui ya kulinda tiketi, ilindwe na nani sijui, mwisho wa siku ikasimama kwenye hela ambayo Handeni napata mbuzi wawili na ya kuwasafirisha inabaki. Nikafunga laptop.

Sasa kwenye semina tulikuwa na kaka mmoja wa Mombasa, Barcelona kufa kuzikana, mtu wa maneno sana. Nikamlalamikia. Akacheka mpaka kikombe kikamwagika akasema, "Sasa dada yangu, si uende ukawatazame watoto wao, wale rahisi, hata mfuko hauumi." Alikuwa ananitania. Ila aliposema watoto wao mimi akili ikaruka moja kwa moja Tanga, Ngamiani, kwenye baraza ya baba.

Baba yangu ni mtu wa redio. Tulipokuwa wadogo kila mpira ukitangazwa lazima ahadithie ya kwake, na moja aliyokuwa anairudia ni hii, kuna mwaka Real Madrid walicheza fainali na Real Madrid. Sisi tunacheka, baba chai hiyo. Anaapa. Kaka yangu mkubwa alikuwa anamuuliza sasa baba nani alishinda, anajibu Real Madrid, nani alifungwa, Real Madrid, basi nyumba nzima tunalala chini kwa kicheko na baba ananyanyuka zake kwa hasira kwenda kuswali. Mimi mpaka nimekua mtu mzima najua ile ni chai ya baba, kama wazee wengine wanavyosema walimuona simba wakamtazama machoni.

Kumbe mzee wa watu alikuwa anasema kweli. Nitafika huko.

Tiketi nilichukua kwenye tovuti ya klabu yenyewe, dakika chache tu imeingia kwenye simu, na bei ukiweka pembeni ya ile ya madalali unaona aibu kwa niaba yao. Yule kaka wa Mombasa nikamvuta twende wote, akakubali kwa sharti kwamba hatapiga makofi.

Kufika ni rahisi. Unachukua treni ya Cercanías ya C-1 pale Chamartín, unashuka Valdebebas, kituo kimoja tu kabla ya uwanja wa ndege T4. Ukishuka una kipande cha kutembea, sio kirefu cha kufa ila usivae viatu vya harusi. Na ukiwa Chamartín tazama yale maghorofa marefu sana ya barabara ya Castellana, wengi wanayapiga picha tu hawajui pale chini palikuwa nini. Pale ndipo ilipokuwa kambi ya zamani ya Madrid, vijana kizazi na kizazi walifundishwa pale, mwaka 2001 hivi klabu ikauza kiwanja, madeni yakafutika, wakahamia huku Valdebebas 2005. Mnakumbuka akina Zidane na Ronaldo na Beckham wanavyoshuka kila mwaka? Hela mnadhani ilianzia wapi. Shamba la watoto liliuzwa wakubwa wakanunuliwa. Hilo nililisema kwenye treni, jamaa yangu wa Barcelona akafurahi sana nikajuta.

Uwanja wenyewe sasa. Ni mdogo, unaingia watu 6,000 tu, umefunguliwa mwezi wa 5 mwaka 2006 kwa mechi ya Madrid na Stade de Reims ya Ufaransa, ndio wale wale waliocheza nao fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Ulaya mwaka 1956 Di Stéfano mwenyewe, mchezaji mwenye jina la uwanja huu, akiwepo uwanjani, Madrid walishinda 4-3. Madrid wakubwa wenyewe wamechezea hapa kipindi cha korona Bernabéu ikiwa inajengwa upya, Liverpool wamefungwa hapa hapa 3-1 mwaka 2021 bila mtazamaji, timu ya wanawake ya Madrid nayo nyumbani kwake ndio hapa. Kwahiyo ukisikia timu B usidhani ni kiwanja cha vumbi na magoli ya mirunda. Majani kama zulia, viti visafi, na popote ulipokaa uko karibu kiasi kwamba unasikia kipa anavyowafokea mabeki wake na unasikia mpira ukipigwa, ile *puu*, sauti ambayo kwenye kibanda umiza hujawahi kuisikia kwa sababu ya mtangazaji na jenereta.

Watu waliokuja sasa ndio walinishangaza. Nilitegemea watalii wenzangu. Wapo, ila wengi ni wazee wa mtaani wamekuja na mito yao ya kukalia, na wazazi wa wachezaji, hao unawajua mara moja, mama mmoja mbele yetu kila mwanae akigusa mpira anashika mkono wa mumewe, mumewe anajikausha kama hajali lakini mguu unatetemeka. Nilimtazama yule mama zaidi kuliko mechi kwa kama dakika kumi hivi.

Haya turudi kwenye chai ya baba maana hapo ndipo thamani ya tiketi ilipo. Kwa maoni yangu ukienda pale bila kuijua historia utaona vijana wembamba wanapasiana tu, ukienda nayo kichwani utatoka umeshiba.

Timu hii asili yake inaitwa Plus Ultra, ilianzishwa 1930, timu ya kampuni ya bima, wafanyakazi wa ofisini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Madrid wakafunga nao urafiki ikawa kama shule yao ya kukuzia wachezaji, na 1972 Plus Ultra ikaisha ikazaliwa Castilla. Ilikuwa na jina lake, bodi yake ya kwenye makaratasi, sio kama leo. Na hilo la kuwa na jina lake ndio lililoleta kizaazaa, maana kwa kuwa ilihesabika ni klabu iliruhusiwa kucheza kombe la mfalme, Copa del Rey, sawasawa na baba yake.

Msimu wa 1979-80 Castilla wako daraja la pili. Wanaingia kombe kama wengine, wanawatoa wadogo wenzao, halafu wakapangiwa Hércules ya Alicante, timu ya ligi kuu. Ugenini wakala 4-1. Mtu yeyote hapo anafunga hesabu. Mechi ya marudiano nyumbani wakapiga 4-0. Wakaja Athletic Bilbao, mechi ya nyumbani 0-0, wakaenda San Mamés, uwanja wa Bilbao, kwenye tanuri lile wakashinda 2-1. Wakaja Real Sociedad, na hawa Sociedad mwaka ule sio mchezo, waliukosa ubingwa wa Hispania kwa pointi 1 tu, vijana wakafungwa 2-1 kule wakarudi nyumbani wakashinda 2-0. Nusu fainali Sporting Gijón ya Quini, mfungaji bora wa ligi msimu ule, wakafungwa 2-0 Gijón, marudiano 4-1. Mnaona lakini? Timu nne za ligi kuu, na kwenye tatu kati ya hizo walianza kwa kufungwa wakapindua. Kocha wao alikuwa García Santos, na mpaka leo ukitaja jina hilo hakuna anayeshtuka, dunia haina fadhila.

Na huku upande wa pili wakubwa nao wanapita wanapita. Tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka 1980, fainali, uwanja wa Bernabéu, Real Madrid na Castilla. Baba na mwana. Matokeo 6-1, baba kashinda, hata huruma hakuna. Del Bosque alifunga, yule yule Vicente del Bosque ambaye baadae alikuja kuifundisha hiyo hiyo Castilla na halafu akaipa Hispania Kombe la Dunia 2010.

Najua mnachokifikiria maana na sisi tungekuwa wa kwanza kusema. Ingekuwa huku kwetu, Simba na Simba B fainali, Yanga wangezima simu wiki nzima na kila kibao cha kahawa kingekuwa na mpelelezi wake. Mechi imeuzwa, watoto wameambiwa waachie, goli la sita kipa kafumba macho. Mimi nasema hapana na ushahidi wangu ni kipa mwenyewe. Anaitwa Agustín, kala sita siku ile, na kabla mwaka haujatimia ndio alikuwa golini kwa Madrid wakubwa kwenye fainali ya Kombe la Ulaya kule Paris dhidi ya Liverpool, Mei 1981, walifungwa 1-0. Timu ikiwa imekufunga sita halafu ikakuchukua ukailinde, ujue siku ile ulicheza. Na Ricardo Gallego alikuwemo kwenye watoto wale, huyo akaja kucheza fainali ya Euro 1984 na Hispania.

Ila utamu wenyewe uko baada ya fainali na hii hata baba alikuwa haijui, ndio zawadi niliyompelekea. Madrid walichukua ligi na kombe mwaka ule. Bingwa wa ligi anaenda Kombe la Ulaya, kwahiyo ile nafasi ya Kombe la Washindi, la Ulaya la waliochukua makombe ya nchi zao, ikamdondokea aliyefungwa fainali. Yaani timu B ikaenda Ulaya! Wakapangiwa West Ham ya London, na West Ham nao wamechukua kombe la FA wakiwa daraja la pili. Mechi ya Ulaya, timu mbili za daraja la pili. Mkondo wa kwanza Septemba 1980 Bernabéu, Castilla 3 West Ham 1. Mashabiki wa Kiingereza wakaleta fujo kubwa jukwaani, UEFA wakatoa adhabu, marudiano London yachezwe milango imefungwa. Oktoba mosi, uwanja wa Upton Park, idadi rasmi ya waliokuwepo ni watu 262. Dakika 90 zinaisha West Ham 3-1, jumla 4-4, wanaenda dakika za nyongeza kwenye uwanja mtupu unasikia mwangwi tu wa makocha, David Cross akamaliza kazi na hat-trick yake, 5-1. Watoto wakarudi nyumbani. Watu wamelizoea jambo la uwanja mtupu sababu ya korona, wale walilionja miaka arobaini kabla.

Hii yote nilikuwa namsimulia yule kaka kipindi cha kwanza, mwisho akaniambia, "Dada, umekuja kutazama mpira ama umekuja kutoa mhadhara?" Nikanyamaza kama dakika mbili hivi.

Maana kuna ya 1984 bado, na hiyo nisingelala bila kuisema. Vijana watano, Butragueño, Míchel, Sanchís, Martín Vázquez na Pardeza, kocha Amancio. Gazeti la El País Novemba 1983 likaandika kuhusu hao vijana likawapa jina lililobaki mpaka leo, Quinta del Buitre, yaani kama useme kundi la rika la yule Tai, maana Butragueño walimfupisha Buitre na neno hilo kwao ni tai mla mizoga. Msimu huo Castilla wakawa mabingwa wa daraja la pili. Na wa pili nani? Bilbao Athletic, timu B ya Athletic. Timu B mbili zimeshika nafasi mbili za juu na hakuna hata moja iliyopanda, kwa sababu sheria inasema mtoto hawezi kukaa daraja moja na baba yake. Wakapandishwa wa tatu, wa nne na wa tano. Na huyo wa tatu alikuwa nani jamani, Hércules! Wale wale wa 4-0. Mpira una visa.

Hapo ndipo mimi nimeondoa nyota moja. Sio kwa klabu wala sio kwa uwanja, naiondoa kwa hiyo sheria. Naielewa, sio kwamba siielewi, timu mbili za bwana mmoja ligi moja mtaanza kugawiana pointi kama urithi, hata mimi nisingeruhusu. Lakini ukikaa pale ukawatazama vijana wanapigana wanalia na refa, halafu ukakumbuka kwamba hata wakishinda kila kitu kuna mlango umefungwa na funguo iko kwa baba, inauma. Ubingwa wa 1984 ndio mara pekee timu B imechukua daraja la pili Hispania, na zawadi yake ilikuwa ni hakuna. Na kuanzia 1990 wakabana zaidi, timu B hazichezi tena Copa del Rey, na majina yao ya kujitegemea wakanyang'anywa, Castilla ikaitwa Real Madrid B miaka mingi mpaka jina liliporudi baadae. Kwahiyo ile fainali ya baba haitajirudia tena kamwe.

Tunda walilipata kila mmoja kivyake tu. Míchel yeye aliingia kwa mlango wa nyuma, Aprili 1982 wachezaji wa ligi kuu waligoma, timu zote zikachezesha watoto, Madrid walikuwa ugenini kwa Castellón na Míchel akafunga. Butragueño kaitwa na Di Stéfano, kocha wakati huo, Februari 1984 kule Cádiz, Madrid wako nyuma 2-0, kaingia kafunga mawili wakashinda 3-2. Halafu hao watoto wakachukua ligi tano mfululizo kuanzia 1986. Pardeza tu ndio hakudumu, akaenda Zaragoza, na usimuonee huruma maana kule alichukua Kombe la Washindi 1995.

Wa karibuni mnawajua wenyewe. Carvajal, Nacho, Morata, Jesé na Joselu ni wa ile iliyopanda daraja la pili 2012. Zidane alianzia ukocha mkuu hapa 2014 kabla hajapewa wakubwa Januari 2016. Raúl kaifundisha kuanzia 2019 mpaka 2025, na yeye mwenyewe alipokuwa kijana kaipita hii timu kama mtu anayepita stendi, kutoka timu C, mechi moja Castilla, Oktoba 1994 akiwa na miaka 17 kocha Valdano kamtupa uwanjani kule Zaragoza acheze na wakubwa. Vinícius naye alipotoka Brazil alishushwa huku 2018, kwenye mechi ya watoto na watoto wa Atlético akafunga mawili na akang'atwa kichwani juu. Kung'atwa! Kwenye daraja la tatu.

Kuna mmoja Waafrika tunamdai. Samuel Eto'o alikuja Madrid akiwa kijana mdogo kabisa, timu B ikashuka daraja 1997, na daraja la chini yake wachezaji wasio wa Ulaya walikuwa hawaruhusiwi kucheza, basi akaazimwa Leganés, akazunguka, akaibukia Mallorca, mwisho akaenda kuwatesa akiwa Barcelona. Hapo jamaa yangu wa Mombasa ndio alipiga makofi kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akaanza kunihubiria ya kwao, kwamba Guardiola kabla ya yote aliichukua Barcelona B 2007 iko daraja la nne, akaipandisha, ndani yake wamo Busquets na Pedro. Nikamwambia kaka hiyo ni kweli na ni nzuri ila fainali ya baba na mwana hamna. Kimya.

Nasi Watanzania tusijitoe, Farid Mussa alipotoka Azam kwenda CD Tenerife alipita timu B ya kule kule visiwani Kanari. Kwahiyo mkisikia kijana wetu kaenda timu B msimcheke, swali la kuuliza ni iko daraja gani na sheria inamruhusu kupanda kucheza na wakubwa au la.

Mechi yenyewe? Sasa ivi Castilla wako Primera Federación, hilo ni daraja la tatu, na wageni walikuwa timu ya kaskazini yenye mabeki watu wazima, mmoja ana kipara na ndevu, anaonekana ana mkopo wa nyumba. Hapo ndio utaona kazi ya timu B. Hawa watoto wanajua mpira kuliko wale, kupokea, kugeuka, pasi za kwanza, unasema aah. Ila kila kona ikipigwa wale baba wa familia wanawakaa kifuani. Goli la kwanza wamepata watoto kwa pasi kama kumi na kitu, la kusawazisha wamefungwa kwa kona, kichwa, yule yule mwenye kipara. Yule mama mbele yetu mwanae katolewa dakika ya sitini na kitu, mama kavua skafu kaikunja vizuri kaweka kwenye mkoba kama mtu aliyemaliza kazi, mechi kwake imeisha.

Kwahiyo tusidanganyane, ukitafuta magoli ya kwenye video fupi za mtandaoni utaboreka. Na wengi wa wale vijana hutawasikia tena, hiyo ndio hesabu, kwa kila Carvajal mmoja kuna basi zima la watu wanaocheza Ugiriki au wamefungua gym. Ila na usikate tamaa kabisa, Gonzalo García juzi tu alikuwa anafunga kwenye uwanja huu huu mbele ya wazee wenye mito, kiangazi cha 2025 kaenda Kombe la Dunia la Vilabu kule Marekani karudi na kiatu cha mfungaji bora.

Mapumziko nikampigia baba video. Nilikuwa najua muda huo katoka msikitini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, uko wapi mbona nyuma kijani kitupu?"

"Niko kwa wale Madrid waliocheza na Madrid."

Akanyamaza. Kisha simu ikawa inaonyesha dari, ikaonyesha sikio, nikasikia anamuita kaka yangu kwa jina lake lote mpaka la babu, njoo hapa, njoo, njoo usikie mwenyewe. Kaka kaja, nikamueleza yote, Juni 1980, 6-1, West Ham, kila kitu. Kaka akasema shikamoo baba. Baba akagoma kuitika. Kasema miaka thelathini na ngapi mmenifanya muongo ndani ya nyumba yangu leo ndio mnanisalimia. Watu wa viti vya nyuma wananitazama mtanzania nacheka peke yangu na machozi.

Kisha akauliza tiketi shilingi ngapi, nikamwambia, akasema aa, kumbe, mbona ungechukua na ya pili ukae na mkoba wako vizuri.

Haya yenu ya vitendo. Tiketi chukueni kwenye tovuti ya klabu tu, madalali waachieni wenyewe. Ratiba iangalieni karibu na siku yenyewe maana saa na hata siku ya mechi inaweza kusogezwa. Jaketi ni lazima, mimi nilikwenda na sweta la Lushoto nikadhani najua baridi, upepo wa Valdebebas uko kwenye uwanda mtupu hauna pa kuzuiwa. Ukiwa na mtoto mpeleke huku kabla ya Bernabéu, ataona kila kitu na hutapotezana naye. Na kama unaruka usiku ule ule basi ndio mahali pako, begi lako, mechi yako, kituo kimoja uko T4.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano kaidaini sheria ya 1984.